Woody Guthrie: aliacha maneno, wengine wakatafuta sauti

Siku zilizopita mama mmoja wa hapa Kanyaruchinya alikuja kwenye redio na kaye mukononi. Jalada limeshakatika, kurasa za nyuma zimelowa maji. Ndani mulikuwa nyimbo za marehemu bwana yake, aliyekuwa akiongoza korale kule walikotoka, upande wa Rutshuru. Maneno yameandikwa kwa biki ya buluu, mustari kwa mustari, kiitikio kimewekwa alama. Hiyo kaye imekimbia naye mara nyingi kuliko sahani zake.

Shida ni moja: nyimbo nyingi za mule ndani hakuna anayejua zinaimbwa namna gani. Mzee alikuwa na sauti zake kichwani, na alipokufa zilienda naye. Mama aliuliza hivi: je, ni vibaya mtu mwingine akizitungia sauti mpya? Ni kumuheshimu marehemu ao ni kumuibia?

Hatukuwa na jibu la haraka. Lakini swali lake si geni duniani. Kuna mtu mmoja wa Marekani, anaitwa Woody Guthrie, aliyekufa mwaka 1967, ambaye familia yake ilijiuliza swali hilo hilo mbele ya makarto yaliyojaa karatasi. Leo tunaeleza maisha yake kwa kirefu, juu ndani yake kuna mambo ambayo mutu wa Kanyaruchinya atayaelewa bila kufasiriwa: moto, vumbi, kukimbia, kambi, mustari wa msaada, na redio.

Mtoto wa Okemah

Woodrow Wilson Guthrie alizaliwa tarehe 14 Julai 1912 katika mji mdogo wa Okemah, jimbo la Oklahoma. Baba yake, Charley, alikuwa mtu wa siasa na biashara ya mashamba, na alimpa mtoto jina la mwanasiasa aliyekuwa akigombea urais mwaka ule. Mama yake, Nora Belle, alikuwa akiimba nyimbo za zamani ndani ya nyumba, zile ndefu zenye hadithi za watu waliozama, waliopendana, waliouawa. Mtoto alizisikiliza na kuzishika.

Familia haikuwa maskini mwanzoni. Lakini moto uliwafuata kama deni. Kabla Woody hajazaliwa, nyumba mpya ya baba yake ilishaungua. Mwaka 1919 dada yake mkubwa, Clara, aliungua na kufa. Mwaka 1927 baba mwenyewe aliungua vibaya. Na mama, kwa miaka ile yote, alikuwa akibadilika: anasahau, anakasirika bila sababu, mwili unatikisika wenyewe. Watu wa mji walianza kunong'ona, kila mtu na maelezo yake. Mwishowe alipelekwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili katika mji wa Norman, na miaka michache baadaye alifia huko. Ugonjwa wake uliitwa Huntington. Tutaurudia, juu ulikuwa haujamaliza kazi na familia hii.

Kijana Woody alibaki karibu peke yake, akilala kwa marafiki, akifanya vibarua. Alipofika miaka 17 alimufuata baba yake mji wa Pampa, jimbo la Texas. Hapo njo alijifunza gitare kwa mjomba wake, akapata riziki kwa kuchora vibao vya maduka, na akawa mtu wa kukaa sana kwenye maktaba ya mji. Shule hakuimaliza. Kusoma hakuacha. Mwaka 1933 alimuoa Mary Jennings, wakazaa watoto watatu.

Vumbi

Sisi tunajua siku ambayo mchana unakuwa giza. Waliokuwa hapa tarehe 17 Januari 2002, na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, hawahitaji kuelezwa maana ya kukimbia huku unaangalia nyuma. Watu wa Pampa nao wana siku yao: Jumapili tarehe 14 Aprili 1935. Ukuta wa vumbi jeusi ulitokea kaskazini, mrefu kama mlima, ukafunika mji mchana. Mtu hakuweza kuona mkono wake. Wengi waliamini ni mwisho wa dunia, wakaanza kuagana.

Vumbi lile halikutoka mbinguni. Kwa miaka mingi wakulima walikuwa wamelima majani yote ya nyanda zile ili wapande ngano, na yale majani njo yalikuwa yanashikilia udongo. Mvua ilipokosa miaka kadhaa, udongo ulikauka na upepo ukaubeba. Wakati huo huo uchumi wa nchi ulikuwa umeanguka, benki zinadai mikopo, mashamba yananyanganywa. Basi watu kwa malaki wa Oklahoma, Texas, Kansas na Arkansas walipakia magodoro juu ya magari mabovu, wakashika njia ya magharibi, kuelekea California, ambako walisikia kuna kazi ya kuchuma matunda.

Walipofika hawakupokelewa kama walivyoota. Mwanzoni mwa mwaka 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles alituma askari wake hadi kwenye mipaka ya jimbo, wazuie watu wasiokuwa na pesa. Hawa walikuwa raia wa nchi ile ile, wanatoka jimbo moja kwenda lingine, lakini waliulizwa wanatafuta nini. Walipewa jina la dharau lililotoka kwa jina la jimbo lao. Walilala kando ya mifereji, katika vibanda vya karto na vipande vya bati, na kila asubuhi watu wengi waligombania kazi chache kwa malipo yanayoshuka kila siku.

Guthrie naye alishika njia ile. Mkewe na watoto walibaki nyuma, na hilo tuseme wazi: alikuwa mtu wa kuondoka. Watu waliompenda sana njo waliolipa bei ya safari zake.

Redio na kambi

Mwaka 1937 alipata nafasi katika redio moja ya Los Angeles, KFVD. Aliimba pamoja na mwanamuke mmoja, Maxine Crissman, ambaye wasikilizaji walimjua kwa jina la Lefty Lou. Waliimba nyimbo za nyumbani, wakapiga mazungumuzo, wakataniana, wakatoa salamu. Kwa watu waliokuwa wametawanyika mashambani, kusikia lafuzi ya kwao kwenye redio ilikuwa kama kusikia mtu anagonga mlango akiita jina lako. Barua zilifika kwa wingi.

Lakini Guthrie hakubaki studio. Alienda kuangalia wanapolala wasikilizaji wake. Alitembelea makambi, akaimba pale, akaona watoto wenye njaa kando ya miti iliyobeba matunda. Tangu hapo nyimbo zake zilibadilika. Aliacha kuimba tu juu ya kijiji cha zamani, akaanza kuimba juu ya benki, askari wa mpaka, bei ya kazi. Alijiunga na watu wa siasa za kushoto, akaandika katika gazeti la Wakomunisti. Kwa wengine hiyo ilikuwa sifa, kwa wengine doa, na serikali yenyewe baadaye ilimfungulia dosye. Yeye hakuficha alikosimama.

Namna yake ya kutunga ni jambo la kushika vizuri, juu ndiyo inayojibu nusu ya swali la mama yetu. Guthrie hakujua kuandika noti za musiki. Kwa kawaida alichukua sauti iliyokwisha kujulikana, ya wimbo wa kanisa ao wa wazee, akaigeuza kidogo, akaiwekea maneno yake mapya. Ni kitu ambacho korale zetu zinafanya kila juma. Maneno aliyaandika kwa mashine, haraka, kila siku, juu ya kila kitu. Sauti aliiacha kichwani.

New York

Mwanzoni mwa mwaka 1940, wakati wa baridi kali, alifika New York. Njiani alikuwa akisikia kila mahali kwenye redio wimbo mmoja wa kuomba Mungu abariki Marekani, akauona haufanani na ile Marekani aliyoitembea kwa miguu. Tarehe 23 Februari 1940, katika chumba cha hoteli ya bei ndogo, aliandika wimbo wa kujibu. Ni ule unaojulikana kama This Land Is Your Land. Leo watoto wa shule wa Marekani wanauimba karibu kama wimbo wa taifa. Sauti yake inafanana na ile ya wimbo wa zamani uliorekodiwa na kundi la Carter Family.

Lakini mara nyingi hawaimbi wote. Katika karatasi ya kwanza kulikuwa na vituo viwili vikali: kimoja juu ya ardhi iliyozuiliwa kwa kibao cha mwenye mali, kingine juu ya watu wenye njaa waliopanga mustari mbele ya ofisi ya msaada, na mwimbaji anajiuliza kama nchi ile ni yao kweli. Vituo hivyo vilikaa miaka mingi bila kuingia katika vitabu vya shule. Mutu aliyepanga mustari wa ugali na mafuta kando ya barabara ya Rutshuru ataelewa mara moja kwa nini Guthrie aliviandika, na kwa nini wengine waliona afazali visiimbwe.

Mwezi Machi mwaka ule mtafiti Alan Lomax alimuita Washington, katika maktaba kubwa ya taifa, akamrekodi kwa masaa kadhaa akiimba na kueleza maisha yake. Mwaka 1941 shirika la umeme la serikali lilimuajiri mwezi mmoja ili aimbe juu ya mabwawa ya mto Columbia. Alilipwa dola 266 na senti 66, na katika mwezi huo alitunga nyimbo 26. Aliimba pia na Pete Seeger katika kundi la Almanac Singers. Mwaka 1943 alitoa kitabu cha maisha yake. Wakati wa vita vya dunia alifanya kazi katika meli za mizigo, na meli mbili alizokuwamo zilipigwa na adui. Kwenye gitare yake aliandika kwamba ni mashine ya kuua mafashisti.

Majina yaliyokosekana

Tarehe 28 Januari 1948 ndege moja ilianguka katika bonde la Los Gatos, California. Watu 32 walikufa. Kati yao, 28 walikuwa wafanyakazi wa mashamba kutoka Meksiko waliokuwa wanarudishwa kwao. Guthrie alipofuata ile habari, aliona kwamba Wamarekani wanne waliokuwa kwenye ndege wametajwa majina, lakini wale wengine waliitwa tu watu waliofukuzwa. Walizikwa pamoja katika kaburi moja mji wa Fresno.

Aliandika maneno ya wimbo juu yao, akiwapa majina ya kubuni, kama mtu anayekataa kumzika mwenzake bila kumuita. Wakati huo afya yake ilishaanza kuharibika. Sauti ya maana hakuiweka. Alikuwa anasema tu maneno kama mtu anayeghani. Wimbo ulikaa hivyo karibu miaka 10, mpaka mwalimu mmoja wa shule, Martin Hoffman, alipoutungia melodi. Pete Seeger aliuimba, wengine wakauchukua, na leo unaimbwa nchi nyingi. Hii njo mara ya kwanza kubwa ambapo maneno ya Guthrie yalipata sauti ya mtu mwingine. Bila ya ule mwalimu, wimbo ungebaki karatasi.

Na haukuishia hapo. Kwa sababu wimbo uliendelea kuuliza hao watu walikuwa nani, mwandishi mmoja, Tim Hernandez, alianza kutafuta majina ya kweli. Mwaka 2013, miaka 65 baada ya ajali, jiwe jipya liliwekwa juu ya kaburi la Fresno likiwa na majina yao yote 28. Sisi tunaoishi mahali ambapo maiti zinahesabiwa kwa jumla, na habari inasema tu idadi, tunajua jiwe kama hilo lina uzito gani.

Ugonjwa wa mama

Mwaka 1945 Guthrie alimuoa mke wa pili, Marjorie Mazia, mchezaji wa dansi. Waliishi kwenye barabara inayoitwa Mermaid Avenue, kando ya bahari, mtaa wa Coney Island, New York. Ilikuwa nyumba ndogo, lakini katika nyumba hiyo aliandika sana: nyimbo za watoto, za mapenzi, za Wayahudi jirani zake, za mambo ya kuchekesha, za tamaa ya mwili, za uchovu. Mwezi Februari 1947 moto ulirudi tena. Binti yao Cathy, aliyekuwa amefikisha miaka minne tu, aliungua katika moto uliotokana na umeme, akafa. Baadaye walizaa Arlo, Joady na Nora.

Halafu Guthrie akaanza kubadilika. Anasahau, anakasirika, mikono haimtii. Watu walidhani ni pombe. Mwaka 1952 waganga walimpa jina la ugonjwa: Huntington, ule ule wa mama yake. Ni ugonjwa wa damu ya ukoo, unaoharibu ubongo pole pole. Mtoto wa mzazi mwenye nao ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Si laana, si uchawi, si adhabu. Lakini dawa ya kuuponya haikuwako, na mpaka leo bado.

Kuanzia mwaka 1956 alikaa katika hospitali ya Greystone Park, New Jersey. Mwaka 1961 kijana mmoja asiyejulikana, Bob Dylan, alifika kumuona na kumuimbia nyimbo zake mwenyewe. Guthrie hakuweza tena kupiga gitare. Baadaye alihamishwa, na mwishoni hakuweza kusema. Alikufa tarehe 3 Oktoba 1967, akiwa na miaka 55. Binti zake wawili wa ndoa ya kwanza walikufa kwa ugonjwa huo huo. Marjorie, ingawa walikuwa wameachana zamani, alimuhudumia hadi mwisho, kisha akaanzisha chama cha kupigana na ugonjwa wa Huntington. Mwaka 1993 watafiti walipata mahali penyewe katika urithi wa mwili unapotoka.

Makarto

Sasa tunarudi kwenye kaye ya mama.

Guthrie aliporekodi, alirekodi sehemu ndogo tu ya alichoandika. Mengine yote yalibaki kwenye madaftari, nyuma ya barua, kwenye vipande vya karatasi. Marjorie hakutupa kitu. Mtu aliyesimamia kazi za Guthrie, Harold Leventhal, aliyaweka makarto ofisini kwake New York. Yalikaa hapo miaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 binti yake Nora alianza kuyafungua. Nora alizaliwa mwaka 1950. Baba aliyemjua yeye alikuwa mgonjwa, si mwimbaji. Ndani ya karatasi njo alikutana na baba mwingine: anacheka, anatamani wanawake, anaogopa, anatania. Alikuta maneno ya nyimbo kwa maelfu, na mengi hayakuwa na sauti yoyote. Mwaka 1996 nyumba ya kuhifadhi karatasi zile ilifunguliwa New York. Tangu mwaka 2013 ziko Tulsa, katika Oklahoma yenyewe, jimbo ambalo kwa miaka mingi lilimuonea haya kwa sababu ya siasa zake.

Hifadhi ile imetoa vitu vya kushangaza. Mwaka 2016 profesa mmoja, Will Kaufman, alieleza aliyoyakuta humo: maneno makali ambayo Guthrie aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1950 juu ya mwenye nyumba wake wa Brooklyn, akimlaumu kwa kutowapangisha watu weusi. Mwenye nyumba huyo alikuwa Fred Trump, baba wa Donald Trump. Karatasi ilikaa zaidi ya miaka 60 ikingoja msomaji.

Sauti mpya

Nora angeweza kuacha karatasi zikae kama sanamu. Alifanya kitu kingine. Alimtafuta Billy Bragg, mwimbaji wa Uingereza aliyekuwa ameshiriki katika tamasha la kumkumbuka baba yake New York mwaka 1992. Hakumwambia amwige baba. Alitaka maneno yale yapate sauti ya watu wa leo, na watu wasiokuwa kivuli cha marehemu. Bragg naye aliita kundi la Wilco kutoka Chicago. Albamu yao ilitoka mwaka 1998, wakaipa jina la ile barabara, Mermaid Avenue. Ya pili ilifuata mwaka 2000.

Kazi haikuwa laini. Bragg na Wilco waligombana juu ya nyimbo gani ziingie na zichanganywe namna gani. Lakini watu waliipokea vizuri, na vijana wengi waliomjua Guthrie kama mzee wa vitabu vya shule walimsikia kwa mara ya kwanza akipenda, akilewa, akicheza na watoto. Maneno yaliandikwa kwa jina la Guthrie, na musiki kwa jina la aliyeitunga. Kila mtu alipata haki yake waziwazi.

Baada ya hapo wengine walifuata. Kundi la Klezmatics lilichukua maneno aliyoandika juu ya maisha ya Wayahudi, na albamu yao ya 2006 ilipata tuzo ya Grammy. Dropkick Murphys, watu wa musiki wa kelele wa Boston, walichukua mistari michache juu ya baharia aliyepoteza mguu, wakafanya wimbo uliosikika dunia nzima kupitia filamu. Mwaka 2022 walitoa albamu nzima ya maneno yake.

Si kila mtu anafurahi. Kuna hoja nzito kwamba marehemu hawezi kukubali wala kukataa. Labda kuna nyimbo ambazo mwenyewe aliziacha kwa kuwa aliona si nzuri, ao zilikuwa siri ya ndoa. Na ni kweli kwamba mtu akikuchagulia sauti, amekuchagulia pia hasira ao furaha: maneno yale yale yanaweza kulia ao kucheza. Upande mwingine wanajibu kwamba Guthrie mwenyewe aliishi kwa kuchukua sauti za wengine, na karatasi ya wimbo isiyoimbwa ni chakula kilichofungiwa. Mimi naona upande wa pili una nguvu zaidi, lakini kwa sharti: ukoo ukubali, majina yatenganishwe, na karatasi ya kwanza isiguswe.

Hapa kwetu tunajua kinyume chake. Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bunkeya huko Katanga, aliimba kwa Kiswahili, na Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Vidole vyake vilienda mbali. Wapiga gitare wa Ulaya na Marekani walijifunza wimbo wake wa Masanga noti kwa noti, na wengi wao hawakujua neno moja la Kiswahili. Kwa Mwenda sauti ilisafiri, maneno yakabaki nyumbani. Kwa Guthrie maneno yalibaki, sauti ikapotea. Kwa wote wawili kilichookoka ni kile mtu mmoja alichojisumbua kukihifazi.

Na kaye zetu?

Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi za kuzunguka Goma zilipobaki tupu, watu waliondoka haraka na walibeba walichoweza. Ndani ya vile vibanda vya bashi mulikuwa walimu, wakatekista, viongozi wa korale, vijana wa rap. Kaye ngapi zilibaki kwenye mawe ya volkano? Hakuna Nora wa kuzihesabu.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache, na hayaombi pesa. Mzee wenu anayetunga akiwa bado hai, mwombeni aimbe mbele ya simu, hata kama sauti imechoka, hata kama anasahau kituo cha pili. Kwenye kaye andikeni jina lake kamili, kijiji na mwaka. Pigeni picha kila ukurasa, mutume kwa mtu wa familia anayeishi mji mwingine, isikae fasi moja. Na korale ikitaka kutunga sauti mpya kwa maneno ya marehemu, iende kwanza kwa mjane na watoto, na siku ya kuimba itangaze: maneno ni ya fulani, sauti ni ya fulani.

Ile kaye tumeipiga picha ukurasa kwa ukurasa, tukairudisha. Mama aliimba mbele ya mikro nyimbo tatu anazozikumbuka, na tumezihifadhi. Wa nne aliuanza, akafika katikati, akasimama. Akasema ule watoto watautafutia wenyewe. Kijana wake wa kwanza anapiga gitare.

Kama ulikuwa mwimbaji katika korale za upande wa Rutshuru na unadhani unazijua nyimbo za hiyo kaye, pita kwenye redio. Mama atakuimbia mwanzo, wewe utammalizia.